Mtoto Aliyeasiliwa Avuke Mpaka Lini?

Mtoto mchanga hawezi kumweleza afisa wa uhamiaji anakwenda wapi, na nani, wala kwa nini. Yote hayo husemwa kwa niaba yake na karatasi: amri ya Mahakama Kuu, cheti kipya cha kuzaliwa, pasipoti, viza, kadi ya kliniki. Jina la kwenye amri likitofautiana kwa herufi moja na la kwenye pasipoti, safari nzima inasimama. Kwa wazazi waliotoka tu kumwasili, kaunta ya afisa huyo ni mwisho wa kusubiri. Kwa nchi anakotoka, ni nafasi ya mwisho ya kuuliza kama kweli alikosa wa kumlea nyumbani. Kwa nchi anakokwenda, ni suala la nani anaingia na kwa hadhi gani. Mvutano wa pande hizi tatu umezaa kesi, marufuku na machozi mengi, na wanaoujadili hubishana zaidi kama masharti yamezidi au yamepungua. Mimi naona tatizo liko kwenye mpangilio. Masharti yaleyale yanaweza kumlinda mtoto au kumuumiza, kutegemea yametangulia au yamechelewa. Maswali magumu yote yaulizwe kabla mtoto hajakabidhiwa kwa wazazi wapya. Mahakama ikishayajibu, njia ya kuondoka iwe wazi.

Sheria za kimataifa zinaelekea huko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaruhusu mtoto aasiliwe nje pale tu anapokosa familia au malezi yanayofaa katika nchi yake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 umekaza zaidi: kifungu cha 24 kinaifanya kuwa njia ya mwisho kabisa. Ukaja Mkataba wa The Hague wa Mei 29, 1993, ambao Kenya, Rwanda na Burundi zimejiunga nao. Nguvu ya mkataba huu ni kwamba umepanga hatua. Nchi ya mtoto ijiridhishe kwanza kwamba anaweza kuasiliwa, kwamba familia ya ndani ilitafutwa, na kwamba waliotoa ridhaa walielewa wanachokubali na hawakulipwa ili wakubali. Nchi ya pili ithibitishe kwamba wazazi wanafaa na kwamba mtoto ataruhusiwa kuingia na kuishi huko kwa kudumu. Mamlaka za pande zote mbili zikubaliane. Ndipo, kwa kifungu cha 19, mtoto anaweza kusafiri, kwa usalama na ikiwezekana akiwa na wazazi wake wapya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 ina mantiki hiyohiyo ingawa imepita njia nyingine: mgeni anayetaka kuasili lazima awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, amlee mtoto kwanza chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, na airidhishe mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri itakayotolewa. Safari katika sheria hizi ni tunda la uamuzi uliokwisha kufanyika.

Yanayotokea ndege inapotangulia maswali tumeyaona. Oktoba 2007, wafanyakazi wa shirika la Kifaransa la L'Arche de Zoé walikamatwa mjini Abéché, mashariki mwa Chad, wakiwa tayari kurusha watoto 103 kwenda Ufaransa. Walidai ni yatima wa vita vya Darfur, Sudan. Baadhi ya watoto walikuwa wamefungwa bendeji ilhali hawana jeraha. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu yalipowahoji, 91 kati yao walisema walikuwa wakiishi na familia yenye angalau mtu mzima mmoja waliyemwona kuwa mzazi. Miaka miwili na ushee baadaye, mwishoni mwa Januari 2010, wiki chache tu baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, Wamarekani kumi walizuiwa mpakani wakiwavusha kwa basi watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali. Ikabainika kwamba wengi wao walikuwa na wazazi walio hai. Inawezekana kabisa kwamba katika matukio yote mawili walikuwamo watu wenye huruma ya kweli. Huruma hiyo haikumsaidia mtoto hata mmoja kujulikana ni wa nani. Kama basi lingevuka na ndege ingeruka, kumtafuta mama mmoja katika kijiji cha mpakani mwa Sudan kungekuwa kazi ya miaka, na mtoto angekuwa amekwisha kusahau lugha ya kumjibu.

Lakini si lazima pawe na watu wa kukamatwa ndipo pawe na madhara. Korea Kusini ilipeleka watoto ng'ambo kwa miongo mingi kwa utaratibu uliokuwa na ofisi, mihuri na mafaili. Watoto wachanga walipandishwa ndege wakisindikizwa na watu wasiowajua, na wazazi wengi wa Marekani na Ulaya waliwaona kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege, mlango wa kutokea abiria. Kuasili kwenyewe kulikamilishwa baadaye, katika mahakama za huko walikofika. Ni mwaka 2012 tu ndipo Korea ilipoanza kudai kibali cha mahakama yake kabla ya mtoto kuondoka. Machi 2025, tume ya ukweli na maridhiano ya nchi hiyo ilitangaza kwamba haki za watoto zilivunjwa: kumbukumbu zilighushiwa, na watoto waliokuwa na wazazi wanaojulikana waliandikwa yatima. Huko Marekani, kukamilisha mambo baada ya safari kulizaa balaa la pili. Wazazi wengine hawakumalizia taratibu za uraia, na watoto wakakua wakidhani ni Wamarekani. Sheria ya Uraia wa Watoto iliyoanza kutumika Februari 27, 2001 iliwapa uraia moja kwa moja waliokuwa chini ya miaka 18, ikawaacha waliokwisha kuvuka umri huo. Wapo kati yao waliofukuzwa nchini wakiwa watu wazima, wakarudishwa katika nchi wasiyoijua hata lugha yake.

Uganda inatuonyesha njia ya tatu ambayo kwayo maswali hukwepwa. Sheria ya zamani ilitaka mgeni aishi nchini miaka mitatu kabla ya kuasili, lakini Mahakama Kuu ilikuwa ikitoa amri za ulezi wa kisheria kwa wageni waliokaa muda mfupi, na kwa amri hizo mtoto aliondoka kwenda kuasiliwa Marekani. Yaani nchi iliyomjua mama yake haikuwahi kuamua kama mtoto aasiliwe. Nchi iliyoamua haikuwa na njia ya kumjua mama. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliziba pengo hilo: ulezi wa kisheria ukabaki kwa raia wa Uganda, na mgeni akatakiwa kuishi nchini na kumlea mtoto kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi. Agosti 2020, Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili mmoja pamoja na mshirika wake, ikieleza kwamba familia za vijijini zilirubuniwa kwa ahadi kwamba watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma.

Ahadi hiyo ya shule ndiyo kiini cha jambo katika sehemu zetu. Afrika Mashariki mtoto kulelewa na mama mdogo mjini, na shangazi, au na mjomba mwenye uwezo ni jambo la kila siku. Anakwenda kusoma, likizo anarudi, na hata akikaa miaka kumi anabaki mtoto wa nyumba ile aliyotoka. Mzazi aliyezoea desturi hiyo akiambiwa kuna familia ng'ambo itakayomlea na kumsomesha mwanawe, anaelewa kile ambacho maisha yamemfundisha: mtoto atarudi. Amri ya kuasili inasema kinyume. Inakata uhusiano wa kisheria na waliomzaa na kuanzisha mwingine badala yake. Alama ya dole gumba chini ya fomu ya Kiingereza haithibitishi kwamba mzazi amelielewa hilo. Neno yatima nalo lina mtego wake. Hesabu za UNICEF za mwaka 2015 zilitaja yatima karibu milioni 140 duniani, lakini hesabu hiyo humhusisha kila aliyefiwa na mzazi mmoja. Waliofiwa na wote wawili walikuwa kama milioni 15. Kwa hiyo anayeambiwa mtoto ni yatima bado hajaambiwa kama ana mama. Swali hilo huulizwa kijijini, kwa lugha ya kijiji, na mtu asiye na maslahi katika jibu. Afisa wa uwanja wa ndege hawezi kuliuliza, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Hata hivyo, wanaosimamia ulinzi wa mtoto nao wanaweza kumdhuru, na mfano wake mkubwa uko Kongo. Septemba 25, 2013, idara ya uhamiaji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzito: taarifa za watoto kunyanyaswa huko walikokwenda, au kukabidhiwa kwa familia nyingine baada ya kufika. Lakini hatua hiyo iliwakumba zaidi ya watoto 1,000 ambao mambo yao yalikuwa njiani, wengi wakiwa na hukumu za mahakama za Kongo zilizokwisha kuwafanya watoto wa wazazi wapya. Baadhi ya wazazi walihamia Kinshasa ili waishi na watoto wao. Wengine walituma fedha za matunzo na kuwaona kwenye skrini ya simu. Ilipofika mwaka 2016 ndipo makundi makubwa yaliporuhusiwa kuondoka. Mtoto aliyekuwa na miezi sita zuio lilipoanza alikuwa anakaribia kuanza shule ya awali. Kisheria alikuwa na wazazi, na kila usiku alilala bila wao. Serikali ilikuwa na haki ya kushuku utaratibu wake yenyewe. Ilichokosea ni kuuelekeza ushuku huo kwa watoto ambao mahakama zake zilikwisha kuwaamulia, badala ya kusimamisha maombi mapya na kuyapitia ya zamani moja baada ya jingine kwa haraka.

Hapa linakuja pingamizi la kwanza, nalo lina uzito. Uchunguzi wa kina huchukua muda, na muda ndio kitu ambacho mtoto mchanga hana. Utafiti wa Bucharest, uliowafuatilia watoto 136 waliokuwa katika makao ya watoto nchini Romania, ulionyesha kwamba waliopelekwa kwa familia za malezi walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia kuliko waliobaki kwenye makao, na kwamba waliowahi kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na katika jambo hili methali hiyo ni kweli tupu. Lakini tuangalie muda hupotelea wapi. Kumtafuta mama, kumhoji bibi, kumwendea mwenyekiti wa kijiji, kupekua daftari la polisi la watoto waliookotwa: kazi hiyo hufanyika kwa wiki au miezi michache ikiwa maafisa wana nauli na mafaili yao yanasomwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 ilitaka mtoto awe amefikisha wiki sita, atangazwe rasmi kuwa huru kuasiliwa, kisha akae na waombaji nchini miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kufika mahakamani. Hakuna sharti hata moja hapo linalomfanya mtoto azeeke kwenye makao. Miaka hupotea faili linapolala, au linapofunguliwa upya kwa sababu halikuchunguzwa sawasawa mara ya kwanza. Tena utafiti huohuo wa Romania ulitumia familia za malezi za palepale. Mtoto hahitaji ndege ili atoke kwenye makao. Anahitaji mikono ya mtu mmoja anayemjua, na mikono hiyo inaweza kupatikana mtaa wa pili wakati uchunguzi unaendelea.

Pingamizi la pili linauliza: udanganyifu ukigunduliwa siku ya safari, tunyamaze kwa kuwa mahakama ilikwisha kusema? Hapana. Ushahidi mpya kuhusu mtoto fulani ni sababu ya kumrudisha mtoto huyo mbele ya jaji, hata kama tiketi imekatwa. Lakini kumsimamisha mtoto mmoja kwa ushahidi unaomhusu ni haki, na kuwasimamisha maelfu kwa hofu ya jumla ni adhabu kwa wasio na kosa. Pingamizi la tatu ni la dharura: vita na matetemeko havisubiri ratiba. Haiti yenyewe inajibu. Baada ya tetemeko, Marekani iliruhusu zaidi ya watoto 1,000 waingie kwa kibali cha kibinadamu, na walengwa walikuwa wale waliokwisha kuasiliwa au kuoanishwa na familia kabla ya maafa. Msingi wa utaratibu ule ulikuwa sahihi, kwamba safari iharakishwe kwa yule ambaye maswali yake yaliulizwa mapema. Aliyetenganishwa na familia yake juzi anapaswa kwanza kutafutiwa familia hiyo.

Wapo wanaosema njia rahisi ni kufunga mlango kabisa, na nchi nyingi zimefanya hivyo. Kenya ilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wake na wageni Novemba 2014, Ethiopia ikapiga marufuku Januari 2018, China ikatangaza mwisho wake Septemba 2024. Marekani, iliyopokea karibu watoto 23,000 mwaka 2004, ilipokea 1,275 mwaka 2023. Serikali inayojua kwamba haiwezi kuchunguza inafanya vema kusema hivyo na kufunga. Lakini marufuku huzuia ndege tu. Hayamtafutii mtoto mama mlezi wa Kisumu wala wa Adama, hayampi nauli afisa ustawi wa jamii, na yanawaacha njia panda watu wenye uhusiano wa kweli na mtoto ambao wanaishi ng'ambo.

Watu hao ni wengi kati ya wasomaji wa Kiswahili. Dada amefariki Tanga, kaacha kichanga, na ndugu aliye Leicester au Minneapolis anataka kumchukua. Kwa ukoo jambo limekwisha kwenye kikao baada ya arobaini. Kwa sheria ndiyo kwanza linaanza, na anayekosea mpangilio hapa huumia vibaya. Kwa Sheria ya Kuasili na Watoto ya Uingereza ya mwaka 2002, mkazi wa huko anayemwingiza mtoto aliyemwasili nje ndani ya miezi 12 iliyotangulia bila kufuata masharti, likiwamo la kukaguliwa yeye na nyumba yake mapema, anatenda kosa la jinai. Mtoto akitoka katika nchi iliyo ndani ya Mkataba wa The Hague, Mmarekani lazima apate idhini ya awali ya serikali yake kabla ya kuasili. Akitanguliza mahakama, amri hiyo halali inaweza kumfungia mtoto mlango wa viza. Kwa Waislamu kuna kafala, ambayo humpa mlezi wajibu wa kumtunza mtoto bila kumwondoa kwenye nasaba yake. Imetajwa katika Mkataba wa Haki za Mtoto, na sheria ya watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 pamoja na ile ya Kenya ya mwaka 2022 zinaitambua. Ulaya bado haiipi uzito wa kuasili. Machi 26, 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri la mtoto wa Algeria, kwamba mtoto wa kafala hahesabiwi kuwa mzao wa mlezi, ingawa nchi mwanachama inapaswa kurahisisha kuingia kwake baada ya kupima maslahi yake. Mlezi wa Mombasa au Unguja anayetaka kuhamia Ulaya na mtoto wa namna hiyo aanzie kwa mwanasheria wa huko anakokwenda, kabla ya kwenda kwa kadhi.

Hata mwili wa mtoto unadai mpangilio huohuo. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi tisa, na cheti chake huanza kutumika siku kumi baada ya sindano. Mtoto aliye chini ya umri huo anahitaji barua ya daktari na uhakika wa masharti ya nchi anakoshukia. Kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo na uzito wa kila mwezi ni sehemu kubwa ya historia yake ya kiafya ambayo daktari wa ng'ambo ataipata, basi isiachwe kwenye makao. Na kwa kuwa kuanzia miezi saba au minane mtoto huanza kumwogopa asiyemzoea, wiki alizokaa na wazazi wapya nchini kwake, akila chakula alichozoea na kusikia lugha aliyozaliwa nayo, zina faida zaidi kuliko tiketi ya mapema. Sharti la kumlea kwanza ndani ya nchi, ambalo wageni wengi hulilalamikia, linampa mtoto nafasi ya kupanda ndege akiwa amebebwa na mtu anayemjua.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Serikali zetu ziweke fedha na watu pale mwanzoni, kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya na kwa jaji anayesikiliza ombi, kwa sababu huko ndiko mtoto anakolindwa. Zikishamwamulia, zimpe pasipoti na kibali bila kumzungusha. Nawe unayekusudia kumchukua mtoto ng'ambo, awe wa ndugu au usiyemjua, usikate tiketi mpaka uweze kujibu kwa nyaraka mambo matatu: nani alimzaa na alikubali nini, mahakama gani ya nchi yake imeamua, na ataingia huko kwa hadhi gani ya kisheria. Moja likikosa jibu, mwache mtoto abaki karibu na waliomzaa mpaka jibu lipatikane.